Shangazi, nimepungua kilo 18 lakini kitambi kimegoma kuondoka

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, nimeoa, tuna mtoto mmoja, na kazi yangu ni uwakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Buzuruga, Mwanza, karibu na stendi. Kazi yenyewe ni kukaa. Naingia kibandani saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku, na katikati hapo chakula kinanifuata mlangoni: vitumbua na chai ya maziwa asubuhi, chipsi mayai mchana, soda kila jua likiwaka. Nikafika kilo 89 kwa urefu wa sentimita 172 bila hata kushtuka.

Aliyenishtua ni baba. Mwaka jana alikutwa na sukari. Daktari alipomaliza naye akanigeukia mimi niliyempeleka, akanitazama tumbo, akasema, "Na wewe kijana, hii foleni unaisogelea." Sikujibu kitu, ila nilirudi nyumbani nimeapa.

Nikaanza kula mara moja kwa siku, jioni tu, na jioni yenyewe ni mboga za majani, tunda na uji mwepesi. Ugali nikaupa talaka. Asubuhi kabla ya kufungua kibanda nakimbia mpaka Nyakato na kurudi, na usiku napiga sitapu mia mbili kabla ya kulala. Ndani ya miezi minne mizani ikasoma kilo 71. Nesi wa duka la dawa akaniambia BMI yangu ni 24, niko sawa kabisa, nimpe mkono.

Sasa mbona siko sawa? Mikono imekuwa ya mtoto wa sekondari, kifua kimelala, mashavu yameingia ndani, makalio hakuna (hilo amelisema mke wangu, mimi nyuma sijioni), na kitambi bado kipo. Fundi wangu wa nguo alikuwa ananipima kiuno inchi 40, sasa ni inchi 36. Nimekonda kila mahali isipokuwa pale nilipotaka. Nikivaa shati naonekana mgonjwa, nikilivua naonekana mjamzito.

Maneno ya watu usiseme. Wateja wananiuliza kwa sauti ya chini kama nipo salama. Mama mkwe amempigia mke wangu kutoka Ukerewe kumwuliza kama tumepima. Tumepima, tuko salama, lakini cheti utamwonyesha nani na utamwacha nani? Mke wangu amenuna, anasema majirani wanadhani hanipikii. Na kusema kweli nimekuwa mkali nyumbani, nahisi baridi hata saa nane mchana, usingizi wa kuruka-ruka, na mambo ya chumbani, Shangazi, tuyaache tu.

Nimejiunga na jimu moja ya mtaani. Mwalimu wa pale kaniangalia akasema mwili wangu ni wa aina ya watu wasiojaa, kwa hiyo bila "msaada" nitapoteza muda. Msaada wenyewe ni kopo la poda lisilo na karatasi yoyote, shilingi elfu tisini, pamoja na vidonge vidogo vya kuongeza mwili. Nikitaka matokeo ya haraka, ipo sindano. Rafiki yangu mwingine naye anabisha, anasema sijapungua vya kutosha, nishuke mpaka kilo 65 tumbo liishe kwanza, ndipo nishike vyuma.

Desemba tunatakiwa kwenda Ukerewe kwa wakwe, ambako na mimi ndiko nilikokulia. Mashemeji zangu ni wavuvi, wote vifua wazi kuanzia asubuhi. Nimeshaanza kutafuta uongo wa kutokwenda. Nimenunua mizani yangu, napanda nikiamka, napanda nikirudi kazini, halafu nasimama mbele ya kioo kwa ubavu. Mke wangu anasema nimekuwa kama binti anayesubiri sendofu.

Nipungue zaidi au ninenepe? Nianze na lipi?

Mwembamba mwenye kitambi, Buzuruga

*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Nianze na swali lenyewe ili usilale na wasiwasi: usipungue tena. Hizo kilo 65 za rafiki yako achana nazo. Kunenepa nako si jibu. Baki hapo hapo kwenye kilo 71, zikipanda mpaka 73 usihangaike, na kuanzia sasa shughuli yako iwe kubadilisha hizo kilo zimeundwa na nini.

Wewe ni wakala, kwa hiyo hili utalielewa kuliko wasomaji wangu wengi. Mtaji wako uko sehemu mbili, floti (pesa iliyo kwenye simu) na keshi. Jumla inaweza kuwa ile ile milioni mbili asubuhi na jioni, lakini floti ikikauka, mteja anayetaka kuweka pesa unamrudisha. Mizani inasoma jumla tu. Haikwambii misuli kiasi gani, mafuta kiasi gani. Zile kilo 18 ulizozishangilia hazikuwa mafuta matupu; ndani yake mlikuwa na misuli ya kifua, ya mikono, na hayo makalio aliyoyaulizia mkeo.

Mwili ukinyimwa chakula unachoma mafuta na unavunja misuli pia. Misuli hubaki kama ina sababu mbili za kubaki: inabebeshwa mzigo, na inapata protini ya kutosha. Wewe uliinyima vyote viwili. Majani, tunda na uji mwepesi mara moja kwa siku havifiki hata nusu ya protini unayohitaji, na kukimbia kunaishughulisha miguu peke yake. Mikono na mgongo vilikaa bure kibandani, navyo mwili ukaona vya nini.

Nesi wako hakukudanganya, alisoma namba aliyonayo. BMI ni kilo ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, na kati ya 18.5 na 24.9 ndiyo huitwa uzito wa kawaida. Aliyeibuni, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, karne ya 19, alikuwa mtu wa takwimu na nyota, hakuwa daktari, na alikuwa anatafuta kueleza umbo la watu kwa wingi wao. Kwa mtu mmoja mmoja namba hiyo haioni kitambi. Chukua tepu ya fundi badala yake. Kanuni rahisi inayotumika siku hizi ni kwamba kiuno kisizidi nusu ya urefu. Nusu ya sentimita 172 ni 86, yaani karibu inchi 34. Una inchi 36. Ila mafundi wetu hupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya tumbo. Jipime upya katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kujikaza. Usishangae ikiongezeka.

Kwa hiyo wasiwasi wako juu ya tumbo si uzembe wala urembo. Mafuta yanayokaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini na utumbo, ndiyo yanayohusishwa zaidi na sukari, na baba yako anayo. Lakini sikiliza na upande wa pili ambao watu husahau: misuli ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu baada ya mlo. Ukiipoteza misuli kwa kukimbia sukari, umebomoa ghala unalolihitaji. Ndiyo maana nasema rafiki yako amekosea. Ukishuka mpaka 65 kwa njia hiyo hiyo utafika ukiwa dhaifu zaidi, na kitambi kidogo kitakuwa bado kinakusalimia.

Kwa nini kitambi ndicho cha mwisho kuondoka? Kwa sababu wewe huchagui mafuta yatoke wapi. Wanaume wengi huyaweka tumboni na hapo ndipo yanapong'ang'ania. Sitapu mia mbili zinaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, haziyavuti mafuta ya juu yake. Mkanda wa kubana, nailoni, limao na maji ya moto: jasho ni maji, na maji utayanywa tena. Nimemaliza. Ila kumbuka inchi nne zimeshatoka, na kwenye barua yako umezitaja kama hasara.

Sasa hilo la ukali, baridi, usingizi na chumbani, ambalo ulitaka tuliache. Siliachi, maana ndilo linaloniambia ulikuwa unajifanyia nini. Mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota Marekani, Ancel Keys (ndiye huyo huyo aliyekuja kuipa BMI jina lake mwaka 1972) aliwachukua wanaume 36 wa kujitolea, wenye afya, akawalisha nusu njaa kwa takriban miezi sita. Walikula mara mbili kwa siku, wewe mara moja. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakawa wakali, wakahisi baridi wakati wengine hawahisi, hamu ya mwanamke ikapotea, na mawazo yao yakawa ni chakula kutwa nzima. Hawakuwa na laana wala hawakuwa wameacha kuwapenda wachumba zao. Walikuwa na njaa. Waliporudishiwa chakula, mafuta yalirudi haraka kuliko misuli. Hapo ndipo penye mtego wako: ukikata tamaa leo ukarudi kwenye chipsi mayai na soda ili "unenepe", kitakachowahi ni tumbo. Zungumza na mkeo usiku huu, mwambie ni njaa. Amekuwa akibeba lawama za majirani kwa mlo uliokuwa unaukataa mwenyewe.

Chakula, basi. Anayenyanyua vyuma anafaidika na protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwako ni karibu gramu 110. Usihesabu kwa kalamu kila siku, ila jua zinapatikana wapi. Wewe unaishi Mwanza, mwanangu. Kuna watu duniani wananunua kwa bei ya dhahabu kile ambacho kina mama wa soko la Mwaloni Kirumba wanakipima kwa kopo. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa unawala na mifupa yao unapata na kalisiamu. Chagua waliokaushwa juu ya chanja, wa mchangani watakusagisha meno. Asubuhi supu ya sato yenye kipande cha maana na mayai mawili ya kuchemsha, hapo umeshapata kama gramu 37. Mchana maharage kikombe na dagaa mkono mmoja uliojaa, 30 nyingine na kitu. Jioni kipande kikubwa cha sato au sangara, cha kuchemsha au kuchoma, na kikombe cha mtindi. Umefika.

Ugali urudishe. Nasema hivi nikijua watu wataniandikia. Ugali si adui, na bila wanga utanyanyua vyuma ukiwa unatetemeka. Mlo ukiwa na samaki wa kutosha na mboga nusu ya sahani, ugali wa ngumi yako moja na nusu, wa dona ukipata, haukupi kitambi. Kilichokupa kitambi kilikuwa kinakuja kibandani: soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, na chipsi zinakunywa mafuta ambayo kila gramu ina kalori 9, wakati wanga na protini zina 4. Hamia kwenye maji, beba karanga za kuchemsha na mayai kwenye kontena, na yule mama wa vitumbua mnunulie Jumamosi moja moja, msigombane. Kula mara tatu. Kitu kimoja tu nakuomba upunguze, mafuta ya kupikia, na hapo msaidizi wako ni mkeo, si mimi.

Mazoezi. Siku tatu kwa wiki, na siku ya mapumziko katikati, zinatosha sana kwa anayeanza. Hujaniambia mnafanya nini kwenye hiyo jimu, lakini najua vijana wengi huenda moja kwa moja kwenye mikono na kifua, wakaacha miguu na mgongo, ambako ndiko misuli mikubwa ilipo. Wewe kila siku unayokwenda fanya mwili mzima: kuchuchumaa ukiwa na uzito mabegani, kuinua uzito kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma, iwe benchi au pushapu, kuvuta chuma kuja mbavuni, au kujivuta juu kwenye bomba, na kubeba kitu kizito ukitembea nacho. Seti tatu za kila zoezi, marudio kati ya nane na kumi na mbili, uachie pale unapohisi yamebaki mawili ungeweza. Ukifikisha kumi na mbili kwa seti zote bila kupinda mgongo, ongeza uzito kidogo. Siri yote ya kujaza mwili iko kwenye hiyo "ongeza uzito kidogo", na haina kopo.

Vyuma vya saruji kwenye makopo havina ubaya, uzito ni uzito. Siku jimu imefungwa, ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20 mkononi, na mji wetu una vilima vya bure. Panda na ndoo hiyo kuelekea Isamilo au ngazi za mawe za Mabatini halafu uniambie kama makalio hayajajibu. Kina mama wanaoishi kule juu wanafanya zoezi hilo kila siku na hawalipi ada. Kukimbia usiache, punguza kuwe mara mbili kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Na lala. Kibanda ukifunga saa mbili, saa nne na nusu uwe kitandani na simu iwe mbali. Misuli hujengwa ukiwa umepumzika.

Wiki za kwanza utaongeza nguvu bila kuongezeka ukubwa, kwa sababu mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza. Hapo ndipo wengi huacha. Mabadiliko ya kuonekana kwenye shati huanza mwezi wa pili au wa tatu. Anayeanza akipata nusu kilo mpaka kilo moja ya misuli kwa mwezi amefanya vizuri sana, na anayekuahidi zaidi ya hapo ana kitu cha kuuza.

Ambalo linanileta kwa mwalimu wako. Hizo "aina za miili" anazokutisha nazo zilienezwa miaka ya 1940 na mwanasaikolojia wa Marekani, William Sheldon, aliyeamini kwamba umbo la mtu linaonyesha tabia yake. Wanasayansi walishaachana na madai hayo, yamebaki jimu. Kuna watu wanaojaa polepole, kweli, lakini hata wao hujaa.

Poda ya protini yenyewe si dawa wala si sumu. Nyingi ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Ikiwa na lebo, imesajiliwa, na una pesa za ziada, sawa. Kriatini, nyongeza nyingine ya wanaonyanyua vyuma, nayo ina ushahidi, gramu 3 mpaka 5 kwa siku kwa mtu mwenye figo nzima. Kopo lisilo na karatasi ni habari nyingine. Huijui, yeye mwenyewe haijui. Kwa elfu tisini yako nenda Mwaloni.

Vidonge vya kuongeza mwili ndivyo vinavyonitia hofu zaidi, kwa sababu watu wanaviona vidogo. Vingi vinavyouzwa hivyo mitaani huwa ni deksamethasoni, mara nyingine pamoja na siproheptadini ya kufungua hamu ya kula. Deksamethasoni ni dawa ya maana hospitalini, inayofanya kazi kama homoni fulani ya mwili. Ukiimeza kiholela, uso unavimba na kuwa wa mviringo, mafuta yanahamia tumboni, misuli ya mikono na mapaja inadhoofika, sukari inapanda na presha inapanda. Rudia kusoma hiyo sentensi ukiwa umesimama mbele ya kioo chako. Ni ugonjwa wako huo huo unauziwa, na wewe ni mtoto wa mgonjwa wa sukari. Kama umeshaanza kuvimeza, hata wiki chache, usiache ghafla peke yako. Vipeleke kwa daktari akuongoze, kwa kuwa mwili unaweza kuwa umeshaacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo.

Sindano sitaizungusha. Homoni ya kiume ikiingia kwa wingi kutoka nje, korodani zinaacha kazi na kusinyaa, mbegu zinapungua au zinakwisha, matiti yanaweza kuota, na moyo unabebeshwa mzigo. Una mtoto mmoja. Nadhani mnataka wa pili. Kama mwalimu huyo anafundisha vizuri namna ya kunyanyua, mlipe ada ya kunyanyua, ya duka lake la mfukoni mwambie Shangazi amekataza. Akikasirika, hamia jimu nyingine.

Kuna jambo hukuliuliza. Umekulia Ukerewe, naamini ulioga ziwani tangu unatembea. Kandokando ya ziwa letu, hasa visiwani, kichocho cha matumbo kipo kwa wingi. Kimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, minyoo yake huishi mwilini miaka mingi, mayai hunasa kwenye ini, na baadaye ini na bandama huweza kuvimba na tumbo kujaa maji. Mtu huyo huonekana hivyo hivyo: mikono myembamba, tumbo kubwa. Sisemi ndicho ulicho nacho. Tumbo laini unaloweza kulikamata kwa vidole, lililopungua inchi nne ulipopunguza chakula, lina kila dalili ya kuwa mafuta. Lakini kama upande wa kushoto chini ya mbavu kuna kitu kigumu, au choo kimewahi kuwa na damu, usipime kwa kioo. Kipimo ni cha choo, na dawa, prazikwanteli, hupangwa kwa uzito au urefu wako. Inaua minyoo iliyokomaa. Haikukingi usiambukizwe tena. Kwa hiyo Desemba hata ukivua shati, usiogee kwenye magugu ya pwani kwa sababu mashemeji wanaogea.

Na Desemba utakwenda. Miezi iliyobaki haitakugeuza baunsa, na nisingependa uingoje siku ya kuwa baunsa ndipo uwasalimie wakwe. Mashemeji zako wamejaa kwa sababu wanavuta nyavu na kupiga makasia kila usiku, hawajajaa ili wakuaibishe. Nenda nao wakavute, utajua mgongo ni nini.

Mizani ya nyumbani mpe mkeo aifiche. Panda mara moja kwa wiki, asubuhi, ukitoka chooni, kabla ya chai. Uzito wa mtu huyumba kilo moja mpaka mbili kwa siku kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilicho njiani. Wewe unayepanda asubuhi na jioni unapima ugali wa jana na kuupa jina la kunenepa. Kila baada ya wiki mbili shika tepu: kiuno, mkono, paja. Andika na uzito unaonyanyua. Hivyo vyote vikienda vizuri, mizani ikae kimya ilivyo.

Kioo kwa ubavu kinanipa mashaka kuliko kitambi. Kijana kujitazama si kosa. Lakini mwezi wa pili au wa tatu ukikuta bado mawazo ya mwili yanakula saa zako za kazi, unakwepa watu, au umeanza kujitapisha au kurudi kwenye mlo mmoja kwa siri, hiyo si tabia mbaya ya kuisemea nyumbani, ni hali inayotibiwa. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Sekou Toure, na Bugando wote wanaona watu wa afya ya akili, na huko foleni haina mtu atakayekucheka.

Mama mkwe usimjibu wewe. Mkeo ndiye ampigie, amwambie mlipima, mko salama, na kwamba mumewe alikuwa anajinyima kula kwa hofu ya sukari ya babaye. Ukifika kule, kula anachokuandalia mbele yake. Hakuna cheti kitakachomtuliza kama sahani iliyorudi tupu.

Kabla hujaanza vyuma vizito, wiki hii, pima sukari na presha, na ukiwa hapo hapo maabara wape na choo. Na ukiona kilo zinaendelea kushuka huku unakula mara tatu, au kikohozi kimetimiza wiki mbili, au unaamka shuka limelowa jasho, au kiu na mkojo vimezidi, usiniandikie mimi. Funga kibanda uende hospitali siku hiyo hiyo.

Shangazi